Kionyeshi cha breli kinaporuka herufi: soma kosa kabla ya kulitibu

Malalamiko ya wanaotumia kionyeshi cha breli, yaani kifaa cha wasioona kinachoonyesha maandishi kwa nukta zinazoinuka na chenye vitufe vya kuandikia, huja kwa sentensi moja fupi: "Nabonyeza, lakini haiandiki." Ndani ya sentensi hiyo hujificha hitilafu ambazo tiba zake hazikaribiani hata kidogo: kitufe kilichoingia uchafu, kidole kinachonyanyuka mapema, mawasiliano ya Bluetooth yaliyosinzia, mpangilio wa breli uliobadilishwa bila mwenyewe kujua, na hata kielekezi kilichokaa mahali pasipoandikika. Anayeanza kwa kununua kebo mpya au kufuta programu na kuisakinisha upya anapiga ramli. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili nikihangaika na mipangilio ya kompyuta, kumbe kisa kilikuwa kitufe kimoja, na ushahidi wake ulikuwa umekaa mbele yangu muda wote katika maneno yaliyoharibika. Tangu hapo huanza kwa kulisoma kosa lenyewe.

Jinsi mbonyezo unavyogeuka kuwa herufi

Katika kibodi ya kawaida kila kitufe kina herufi yake, kwa hiyo kitufe kikifa, herufi hiyo hutoweka na kila mtu huona pengo. Kibodi ya breli haifanyi kazi hivyo. Vitufe vyake sita vikuu ni nukta sita: kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hubeba nukta ya 1, cha kati nukta ya 2, cha pete nukta ya 3, na mkono wa kulia hubeba nukta za 4, 5 na 6 kwa mpangilio huohuo. Katika vifaa vingi, wakati vidole vimo chini hakuna kinachoandikwa. Kifaa husubiri vidole vyote vinyanyuke, kisha hujumlisha vitufe vyote vilivyoguswa katika mbonyezo huo na kutuma jumla hiyo kama herufi moja.

Matokeo yake ni kwamba nukta inayokosekana ni nadra kuacha pengo. Mara nyingi huzaa herufi nyingine halali kabisa, wala kifaa hakina njia ya kujua kwamba hukuikusudia. Ukibonyeza nukta za 1, 3 na 4 ili uandike m, na nukta ya 4 isisikike, kifaa kitaandika k kwa uaminifu wote. Ndiyo maana mtumiaji huapa kwamba kionyeshi "kinaandika mambo yake", hali kinaandika hasa kile kilichokifikia.

Maneno matano ya kupimia

Kutokana na tabia hiyo, maneno machache ya Kiswahili yanaweza kukutajia nukta iliyokosekana bila chombo kingine chochote. Zima kwanza vifupisho, yaani andika kwa breli kamili ya herufi moja moja, kisha andika kila neno mara ishirini hivi kwa mwendo wako wa kawaida, halafu usome ulichopata.

Andika "pipi". Likitokea "sisi", nukta ya 1 haikufika, kwa sababu p isiyo na nukta ya 1 ni s, na i haitumii nukta hiyo kabisa. Andika "lala". Neno hili hupima nukta mbili kwa mkupuo: likigeuka "kaka", iliyopotea ni nukta ya 2, likigeuka "baba", iliyopotea ni nukta ya 3. Andika "mama", na ukipata "kaka", shuku nukta ya 4. Andika "teta", na ukipata "sasa", shuku nukta ya 5. Mwisho andika "yeye": likiwa "nene", nukta ya 6 ndiyo yenye kasoro. Angalia kwamba "kaka" inaweza kutoka kwa "lala" au kwa "mama", kwa hiyo usichanganye matokeo ya mistari miwili. Weka kila neno katika mstari wake.

Nukta ya 1 ina dalili nyingine inayoitofautisha na zote. Kwa kuwa herufi a ni nukta ya 1 peke yake, kitufe hicho kikifa, a haigeuki kuwa herufi nyingine bali hutoweka, na hapo ndipo pengo la kweli linapoonekana. Maandishi ya Kiswahili yaliyopoteza a zote hutambulika papo hapo.

Zingatia pia idadi ya makosa. Neno likiharibika mara ishirini kati ya ishirini, kitufe kimekufa au kimezimwa katika mipangilio. Likiharibika mara tatu au nne bila utaratibu, mguso ndani ya kitufe umeanza kuchafuka, au kosa liko kwenye kidole.

Kidole au kitufe?

Swali hili huwaudhi watu, lakini ni lazima liulizwe mapema kwa sababu jibu lake halina gharama. Kidole cha pete ndicho dhaifu kuliko vyote vinavyotumika katika uandishi huu, na ndicho kinachobeba nukta ya 3 na ya 6. Ukikuta kwamba nukta inayoruka ni mojawapo ya hizo mbili, jaribu kukibonyeza kitufe hichohicho peke yake kwa kidole cha shahada, mara ishirini, katikati ya kitufe na kisha kwenye kingo zake. Kikisikika mara zote, kitufe ni kizima na tatizo ni uzito au pembe ya kidole. Pandisha au shusha meza, au ukisogeze kifaa karibu na ukingo wa meza ili viganja visining'inie. Kikisikika kinapobonyezwa katikati tu na kukataa kwenye ukingo, kitufe kimelegea au kimeingia kitu upande mmoja.

Waliojifunzia kwenye mashine ya Perkins, ile ya kuandikia breli kwenye karatasi, wana tabia ya kugonga kwa nguvu, kwa kuwa mashine ile huhitaji nguvu ya kuinua nukta kwenye karatasi. Kwenye kionyeshi nguvu hiyo haisaidii kitu. Huchosha vidole, huchakaza raba iliyo chini ya vitufe, na humfanya mtu arushe vidole juu kwa nyakati tofauti. Katika vifaa vinavyotuma herufi mara tu kidole cha kwanza kinapoanza kunyanyuka, nukta ya kidole kilichochelewa kushuka hubaki nje.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili ambalo chanzo chake ni kinyume kabisa, nalo ni kuungana kwa herufi. Mwandishi mwepesi huanza herufi ya pili kabla ya kidole kimoja cha herufi ya kwanza kunyanyuka, na kifaa huzihesabu zote mbili kuwa mbonyezo mmoja. Andika "cheka" kwa haraka, na kama kidole cha nukta ya 5 kilibaki chini baada ya e wakati k inabonyezwa, utapata "choa", kwa sababu e na k zikijumlishwa huwa o. Tofauti ya kuzingatia ni hii: nukta ikipotea, idadi ya herufi katika neno kwa kawaida hubaki ileile, herufi zikiungana, neno hupungua urefu, na herufi iliyozaliwa hubeba nukta zote za zile mbili. Aina hii ya kosa haitibiwi kwa kusafisha chochote.

Njia panda ya kwanza: ndani ya kifaa au nje yake

Vionyeshi vingi vya siku hizi vina daftari la ndani linalofanya kazi bila kuunganishwa na simu wala kompyuta. Ikiwa chako kinalo, zima Bluetooth, chomoa kebo, fungua daftari hilo na urudie maneno matano. Kosa likijirudia humo, usipoteze muda kwenye kompyuta, kwa maana chanzo kiko kwenye vitufe, kwenye programu ya ndani ya kifaa, au kwenye vidole. Kosa likitoweka, vitufe havina hatia.

Ikiwa kifaa hakina daftari, tumia hali ya msaada wa vitufe ya programu yako ya kusoma skrini, ambayo hutaja kilichobonyezwa bila kukitekeleza. Katika NVDA hufunguliwa kwa kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na 1, katika JAWS kwa Insert pamoja na 1, na katika VoiceOver ya iPhone kwa kubonyeza kitufe cha nafasi pamoja na nukta za 1 na 3 kwenye kionyeshi chenyewe. Bonyeza nukta moja moja kuanzia 1 hadi 6, kisha 7 na 8 kama zipo, kisha nafasi. Ile isiyotajwa ndiyo ya kufuatilia.

Watumiaji wa NVDA wana chombo kikali zaidi. Pandisha kiwango cha kumbukumbu ya programu hadi kile kinachohifadhi vinavyoingizwa na vinavyotolewa, andika mistari michache, kisha fungua kumbukumbu hiyo kwa NVDA na F1. Kila mbonyezo wa kionyeshi huonekana humo ukiwa na nukta zake. Kama ulibonyeza 1, 2 na 4 na kumbukumbu inaonyesha 1 na 2 tu, nukta ilipotea kabla ya kuifikia NVDA. Kama kumbukumbu inaonyesha zote tatu lakini herufi iliyoandikwa siyo f, kosa liko kwenye jedwali la breli, yaani orodha inayogeuza nukta kuwa herufi, au kwenye programu unayoandikia. Usisahau kurudisha kiwango mahali pake ukimaliza, na usiandike nywila wakati huo, kwa sababu kumbukumbu ya namna hiyo huhifadhi kila kitu.

Mibonyezo inayopotea njiani

Watu huilaumu Bluetooth kwa kila kitu. Ni kweli kwamba hutumia masafa ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa pia na mitandao mingi ya Wi-Fi, lakini kwa kawaida Bluetooth hurudia kutuma ujumbe ambao haukuthibitishwa kupokelewa. Kwa hiyo dalili ya hewa mbaya ni kuchelewa: unaandika herufi sita, kimya, kisha zote sita zinamwagika kwa pamoja. Herufi moja ikikosa nukta katikati ya neno ambalo herufi zake nyingine zimefika kwa wakati, hewa haihusiki. Jumla ya nukta hukamilika ndani ya kionyeshi katika vifaa vingi, na kinachosafiri hewani ni mbonyezo mzima.

Dalili inayoihusu Bluetooth kweli ni kupotea kwa mbonyezo wa kwanza. Umesoma ukurasa kwa dakika kadhaa bila kugusa vitufe, unabonyeza kitufe cha kusogeza mstari, hakuna kinachotokea; unabonyeza tena, kinasogea. Hapo kuna upande mmoja uliolala ili kuokoa betri, na mbonyezo wako wa kwanza umetumika kuuamsha. Kwenye Windows, fungua Device Manager, tafuta adapta ya Bluetooth au kitovu cha USB kinachohusika, na katika ukurasa wa usimamizi wa umeme uondoe ruhusa ya kompyuta kukizima kifaa hicho ili kuokoa nishati. Kwenye kionyeshi chenyewe, ongeza muda wa kusubiri kabla ya kulala. Ikiwa hali haikubadilika, futa uoanishaji pande zote mbili, si upande mmoja, kisha uoanishe upya.

Kwa kebo, hitilafu ni rahisi zaidi. Kebo nyingine zimetengenezwa kwa kuchaji tu na hazina nyaya za kubeba data, hivyo kionyeshi huwaka na kuchaji vizuri huku vitufe vyote vikiwa kimya. Jaribu kebo ambayo imewahi kuhamisha faili, uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyaji.

Lipo pia tatizo la mabwana wawili. Programu mbili za kusoma skrini zikiwa zimewashwa pamoja, moja hushika mawasiliano na nyingine hunyimwa, au hupokezana kwa namna isiyotabirika kila unapohama kutoka dirisha moja hadi jingine. Zima moja kabisa. Na ikiwa NVDA imeachwa itafute kionyeshi yenyewe huku kifaa kikiwa kimeunganishwa kwa kebo na kwa Bluetooth kwa wakati mmoja, ichagulie kifaa na njia kwa mkono. Dirisha lake hufunguka kwa NVDA, Control na A.

Mibonyezo iliyofika ikatumiwa vingine

Kundi hili ndilo linalotuma vifaa vizima kwa fundi. Mbonyezo umefika salama, ila programu imeuelewa tofauti na ulivyokusudia.

La kawaida zaidi ni hali ya kuvinjari. Uko kwenye ukurasa wa tovuti, unadhani kielekezi kimo ndani ya kisanduku cha kuandikia, kumbe hakimo. Herufi zako haziandikwi mahali popote. Badala yake h inakurusha hadi kwenye kichwa cha habari kinachofuata, na k inakupeleka kwenye kiungo. Anayesikiliza sauti hutambua haraka, lakini anayesoma kwa vidole pekee huona tu kwamba maandishi chini ya vidole vyake yamebadilika ghafla. Ingia kwenye kisanduku kwanza, ubadilishe hali, kisha uandike.

La pili ni vifupisho. NVDA ikiwekewa jedwali la kuingiza lenye vifupisho, haiwezi kutafsiri neno kabla halijakamilika, kwa sababu alama ileile husomwa tofauti kulingana na inayoifuata. Hivyo huzihifadhi seli, yaani alama za nukta ulizobonyeza, hadi ubonyeze nafasi. Mtu asiyejua hili hubonyeza herufi tatu, hasikii kitu, hubonyeza tena, na neno linapotoka hatimaye huwa na herufi za ziada. Jedwali la kuingiza na jedwali la kusomea huchaguliwa kila moja peke yake, kwa hiyo kusoma vizuri si uthibitisho kwamba umepangiwa kuandika vizuri.

La tatu liko kwenye vifaa vyenye uwezo wa kujifanya kibodi ya kawaida. Vikiwa katika hali hiyo, hutafsiri breli vyenyewe na kutuma herufi zilizokwisha kutafsiriwa, na amri za breli za programu ya kusoma skrini huacha kufanya kazi hata kama herufi zinaandikwa barabara. Angalia menyu ya kifaa kabla ya kuilaumu kompyuta. Katika menyu hiyohiyo tafuta hali ya mkono mmoja, ambayo hukusanya nukta zinazobonyezwa moja baada ya nyingine. Ikiwashwa kwa bahati mbaya, herufi hungoja na kuungana kwa namna ya kushangaza. VoiceOver nayo ina, katika sehemu yake ya breli, muda wa kupuuza mibonyezo inayofuatana upesi mno. Muda huo ukirefushwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono inayotetemeka, mwandishi mwepesi atakayeirithi simu hiyo atapoteza herufi kila anapokaza mwendo na hatapoteza hata moja akiandika polepole.

Kitufe kimoja kinapoziba vyote

Ikiwa hakuna kitufe chochote kinachosikika, au kila herufi inakuja na nukta ileile ya ziada, usitafute kitufe kilichokufa. Tafuta kilichokwama chini. Kwa kuwa jumla hukamilika pale vidole vyote vinaponyanyuka, kitufe kisichorudi juu hukifanya kifaa kiamini kwamba bado hujamaliza. Vinavyosahaulika mara nyingi ni vitufe vidogo vilivyo juu ya seli za kusomea, vile vya kuleta kielekezi kwenye herufi. Kionyeshi cha seli 40 huwa na arobaini vya namna hiyo, na kimoja tu kikikwama, programu hupokea mchanganyiko usiolingana na amri yoyote. Zima kifaa, pitisha ukucha juu ya safu nzima taratibu, na utakisikia kile kilicho chini kuliko wenzake au kisichorudi kwa mdundo.

Kusafisha

Kizime kabisa na ukichomoe. Chukua kitambaa kisichoacha nyuzi, ukilowanishe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, ukikamue hadi kisidondoke, ufute juu na pembeni mwa vitufe huku ukivibonyeza mara nyingi ili uchafu uachie. Usinyunyizie kimiminika moja kwa moja, na usikifikishe kwenye pini za seli. Pampu ndogo ya mkono inatosha kupuliza vumbi. Kopo la hewa iliyoshindiliwa linaweza kusukuma uchafu ndani zaidi au kutema ubaridi wenye unyevu. Acha kifaa kikauke kabla ya kukiwasha.

Usikifungue. Pini za kionyeshi cha kawaida huinuliwa na vipande vya piezo, yaani vinavyojipinda vikipitishiwa umeme, ambavyo huhitaji umeme wa takribani volti 200, na mpangilio wa seli ni mwepesi kuharibika kwa mguso wa bisibisi.

Ukilazimika kukipeleka kwa fundi, usimwandikie kwamba "vitufe havifanyi kazi". Mwandikie kwamba neno "teta" liliandikwa mara ishirini ndani ya daftari la kifaa, likatoka "sasa" mara kumi na moja, kwa kidole cha kati na kwa kidole cha shahada vilevile, baada ya kusafishwa. Taarifa hiyo humpeleka moja kwa moja kwenye nukta ya 5. Kifaa kikirudi, rudia maneno yote matano kwenye daftari la ndani kabla hujakioanisha na kitu chochote, kwa sababu ukianza na kompyuta na kosa likatokea, utakuwa umerudi kwenye njia panda ileile.